Enid wa Vifungo na Kizimba cha Saba

Enid Garthwaite ameishi Skelderby miaka hamsini na miwili, na mpaka leo ukiuliza habari zake mtaani kwetu utaambiwa, "Aa, yule wa kuja, wa vifungo?" Wa kuja! Alizaliwa maili kumi na nane kutoka hapa, kwenye mji wa viwanda vya sufu upande wa pili wa vilima, na kosa hilo hatujamsamehe. Mimi nilizaliwa juu ya bucha inayotazamana na uwanja wa soko, kwa hiyo nina haki ya kuwasema watu wa mji huu, na leo nitawasema.

Naitwa Hilary Mawson. Nauza jibini kwenye kizimba cha nane, chini ya Msalaba. Msalaba wenyewe haupo, wanajeshi waliubomoa zamani za vita vya mfalme na bunge. Kilichobaki ni paa la mawe juu ya nguzo nane zilizolika katikati kama mche wa sabuni. Chini ya paa hilo pana vizimba kumi tu. Wafanyabiashara wengine wote wapo nje uwanjani, mvua yao, upepo wao. Kizimba cha saba, kinachopakana na changu, kilikuwa cha akina Garthwaite, wauza vifungo, tangu enzi za babu wa babu yao, na kwa miaka ishirini na sita nilisimama hatua mbili kutoka kwa Enid kila Jumamosi. Nilikuwa nikijigamba kwamba namjua mwanamke yule kuliko ninavyomjua dada yangu.

Miaka ya karibuni gazeti moja la Jumapili lilituweka kwenye orodha ya miji midogo ya kupendeza, na tangu siku hiyo hatujapumua. Watu wanashuka kwenye mabasi, wanapiga picha saa ya kanisani yenye mshale mmoja, wanapiga picha nyumba za mbao za mtaa wa darajani zilivyoegemeana, wanakula pai ya nyama wamesimama, halafu wanakuja kuniuliza kama kweli kuna watu wanaoishi humu. "Hapana, mama," huwa nawajibu. "Jioni tunakunjwa na kuwekwa kabatini." Mmoja alitoa kalamu akaandika.

Nyuma ya watalii akaja Jolyon Selwyn, kutoka kusini, na mishumaa yake yenye harufu ya maua na sabuni zilizofungwa kwa kamba. Si mtu mbaya. Lakini alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi chini ya paa, na kwa miaka mitatu alikuwa akitutazama sisi kumi kama mtu anayesubiri kiti kwa kinyozi.

Enid aliletwa hapa akiwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake huko kwao, kwenye kiwanda cha vifungo, ilikuwa kushonea vifungo kwenye kadi, kadi mia mbili kwa siku, na Wilf Garthwaite ndiye aliyekuwa akitumwa na baba yake kwenda kununua. Mwezi mmoja Wilf alinunua vifungo vya mfupa mara nne, mpaka baba yake akamwuliza anataka kulivisha jeshi la nani. Wakaoana majira ya kuchipua. Mama mkwe, Agnes, akampokea mlangoni akamwonyesha kabati la droo sitini na nne, akamwambia, "Droo za juu si zako."

Miaka kumi na mmoja Enid hakuzigusa droo za juu, na sokoni alisimama Agnes, si yeye. Kisha Agnes akapigwa na kiharusi, na kwa miaka tisa mingine Enid akamwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Ndiyo maana Jumamosi Wilf alikuwa akitoka alfajiri peke yake na mkokoteni, anapanga kila kitu, na Enid anafika saa tatu na chupa ya chai baada ya kumshughulikia mgonjwa. Agnes alipokufa, Enid alifika saa tatu vilevile, akaweka chai, akavuta droo ya juu kabisa upande wa kulia. Ilikuwa tupu. Alinihadithia mwenyewe, na hakucheka wala hakukasirika, alikuwa anakata utepe.

Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa vifungo. Enid alijua kila koti la mji huu kwa vifungo vyake: la daktari, la padri, lile la kijani la mwalimu wa piano lenye vifungo vitano vya pembe na kimoja cha plastiki anachodhani hakionekani. Siku moja nilikuwa namkatia mteja jibini, nikahisi mtu ananivuta kifuani. Enid alishaingia kizimbani kwangu na sindano. "Usitikisike," akasema. "Kifungo chako cha tatu kinakufa." Akashona, akakata uzi kwa meno, akarudi kwake. Hata kuendelea kufika saa tatu, miaka mingi baada ya mama mkwe kufa, lilikuwa jambo lililoshaingia tu. Mazoea yakishaingia Skelderby hayatoki.

Sasa nieleze la saa mbili, maana kila kitu kiko hapo.

Jumamosi, saa mbili kamili ya asubuhi, msimamizi wa soko anapanda kwenye ngazi ya Msalaba, anapiga kengele ya mkono, anafungua daftari na kuita vizimba kumi vya chini ya paa, jina kwa jina. Mwenye kizimba anajibu, "Nipo." Kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa amesimama mahali pake. Kuinua mkono hakuhesabiki, kutuma mtu hakuhesabiki, kusimama hapo bila kusema hakuhesabiki. Asipojibu, anawekewa alama. Alama tatu mfululizo, kizimba kinaondoka, kinakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha. Na mwenye kizimba akifa, jina lake haliguswi. Anaitwa kama alivyokuwa akiitwa, na baada ya mazishi mjane wake au mtoto wake ana Jumamosi tatu za kujibu badala yake. Akijibu, la marehemu linafutwa, lake linaandikwa. Hakuna aliyewahi kunifundisha haya. Tulikuwa tukiyacheza uwanjani shuleni, mmoja msimamizi na wengine vizimba, kabla hata hatujajua kusoma.

Wilf alikufa Jumanne moja ya Oktoba, bustanini, akichimba viazi. Moyo. Enid alimwona kupitia dirisha la jikoni akiwa amepiga magoti, akadhani anaokota, akamaliza kusuuza vikombe ndipo akatoka.

Tulimzika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Soko zima lilikwenda. Baadaye tukala mikate ya nyama ya nguruwe kwenye baa ya Bell, na Enid akapita meza kwa meza akikunja vitambaa vilivyotumika, viwili, vinne, vinane, akivipanga kwa ukubwa. Hakutoa chozi. Watu wakanong'onezana kwamba anajikaza vizuri sana. Kwetu mjane hana sifa kubwa kuliko hiyo. Na saa mbili nzima tulizokaa pale tulizungumza juu ya mvua, barabara ya Thirle iliyofungwa na bei ya kuni. Jina la Wilf halikutajwa na mtu. Kwetu marehemu hatajwi mbele ya mjane. Tunaona ndiyo adabu yenyewe, usije ukamtonesha. Nami nilikaa na adabu zangu nikala mikate mitatu.

Jumamosi hiyo hiyo Enid alikuja saa moja, na mkokoteni, peke yake.

"Nikusaidie, Bi Enid?"

"Nitaweza."

"Hilo kabati ni zito."

"Lina magurudumu, Hilary."

Akaweza. Alipanga droo, akatundika zipu, akaweka mkasi kulia na kipimo kushoto kama Wilf alivyokuwa akiviweka. Uso wake haukuwa na kitu. Sisemi ulikuwa na huzuni, huzuni ningeijua. Ulikuwa umekufa ganzi, na mikono ilifanya kazi bila kumwuliza.

Saa mbili kengele ikapigwa. Msimamizi wetu ni Percival Stobbs, mtu mrefu mwenye koti la mvua hata wakati wa jua, anayeheshimu daftari lile kuliko kanisa. Akaita cha kwanza mpaka cha sita. Kisha akasema, "Garthwaite, Wilfred."

Enid akaweka mikono juu ya meza, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Stobbs kwa kawaida husubiri pumzi moja. Siku ile alisubiri nne. Akaandika alama yake. "Mawson, Hilary."

"Nipo," nikasema, na sauti yangu ilinichukiza.

Alipomaliza alikuja kizimbani kwangu akajifanya anatazama jibini la mbuzi.

"Umemwona?" akaniuliza chinichini.

"Nina macho, Stobbs."

"Anajua lakini?"

"Miaka hamsini na miwili yumo humu humu. Asijue vipi? Hata paka wa mtaani anajua."

"Labda umkumbushe kidogo. Kiutani utani."

"Mkumbushe wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi siruhusiwi. Nikimkumbusha mmoja, kesho kila mtu atataka kukumbushwa." Akanusa jibini. "Hajawa tayari, maskini. Ana Jumamosi mbili bado. Tumwache apumue."

Tukamwacha apumue. Angalia hapo: watu ambao kwa miaka hamsini walimwita wa kuja, siku ile wote kwa pamoja walikubaliana kwamba ni mwenyeji na anajua. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi pia sikuona.

Jumamosi ya pili alikuja amevaa koti jeusi la mazishini. Ilikuwa baridi, nikafikiri ni kwa ajili ya baridi. Dakika tano kabla ya saa mbili alikuwa na mteja wa mapema, mama mmoja anayetaka lastiki, na kengele ilipopigwa Enid aliweka mkasi chini. "Subiri kidogo, mama," akamwambia. Majina yakaitwa. Lilipofika la Wilf, akainamisha kichwa chini zaidi kuliko mara ya kwanza, akafumba macho. Alama ya pili. Kisha akachukua mkasi. "Mita mbili ulisema?"

Habari zikaenea uwanja mzima kabla ya saa nne. Muuza samaki akasema ni ukaidi. Muuza mkate akasema ni mapenzi: akijibu, jina la Wilf linafutwa, na hataki lifutwe, yuko radhi kupoteza kizimba. Hiyo ndiyo tuliyoipenda. Ilitufanya tujisikie vizuri. Wanawake wawili walifuta machozi nyuma ya gari la maua, na baada ya hapo walikwenda kwa Enid wakanunua uzi wasiouhitaji, wakamwambia jinsi ukungu ulivyokuwa mzito.

Selwyn naye akaja mchana na mshumaa wa bure, rangi ya zambarau. Akauweka mezani kwa Enid kwa mikono miwili. Enid akamshukuru. Akiwa anaondoka alitazama juu, kwenye paa, halafu chini, kwenye mawe, nikaona midomo yake inahesabu.

"Wewe," nikamwita. "Bwana mishumaa."

"Habari ya mchana, Bi Hilary."

"Unapima nini?"

"Sipimi kitu."

"Macho yako yana futi kamba, nimeyaona. Bado hajafa mtu mwingine hapa. Rudi kwenye turubai lako."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikuandika mimi hizo sheria," akasema, na alisema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano nilipiga moyo konde, nikakata kipande kizuri cha jibini, nikaenda nyumbani kwa Enid nikiwa nimeshajiandaa. Ningesema: Bi Enid, Jumamosi ukiitwa, itikia. Maneno matano. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Akafungua mlango, tukasimama pale pale kizingitini.

"Mvua," nikasema.

"Ee. Haijakatika tangu juzi."

"Mfereji wako wa bati umeziba pale."

"Ni majani."

"Ni majani, ee." Nikampa jibini. "Uko salama lakini?"

"Niko salama, Hilary. Asante."

"Haya basi."

"Haya."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimelowa, nikajiambia kwamba ameonekana mchovu, na kwamba si vizuri kumkalia kooni mtu aliyefiwa. Ganzi yake ilikuwa ya msiba. Ya kwangu ilikuwa ya kujitakia, na sina cha kuitetea.

Jumamosi ya tatu ukungu ulijaa uwanjani mpaka saa ya kanisani haikuonekana. Watu wa vizimba vya nje walisogea karibu na Msalaba bila kusema wanasogea kwa nini. Selwyn peke yake alibaki kwenye turubai lake, amegeuka upande wa pili, na kwa hilo nampa heshima. Kengele. Kwanza, pili, tatu. Stobbs aliita taratibu mno, kama mtu anayeshuka ngazi zenye barafu. "Garthwaite, Wilfred."

Kichwa kikainama. Mikono ikakutana juu ya meza.

"Garthwaite," Stobbs akarudia, kwa sauti ya juu, jambo ambalo haruhusiwi na hajawahi kulifanya. "Wilfred Garthwaite."

Nikashindwa. "Enid," nikasema. "Enid, jamani."

Akaniinulia kidole. Hakunitazama, hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja, taratibu, kuninyamazisha. Nami nikanyamaza. Nikasikia kalamu ya Stobbs ikikwaruza karatasi, kisha akasema, "Mawson, Hilary," na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu.

Saa sita Stobbs alimletea barua ya halmashauri ndani ya bahasha ndefu. Aliishika kwa ncha za vidole. "Samahani sana, Bi Garthwaite," akasema. Enid akaipokea, akaitia mfukoni mwa aproni, akamwuliza kama amegundua kwamba kifungo cha mkono wa kushoto wa koti lake kimepotea. Stobbs alitazama mkono wake muda mrefu kuliko kifungo kilivyostahili. Jioni Enid alipanga vitu vyake, akasukuma mkokoteni, akaenda zake. Selwyn alikuwa ameshatia sahihi kabla ya saa kumi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwake tena. Safari hii hakunisimamisha mlangoni. Barua ilikuwa wazi mezani, miwani juu yake. Birika lilikuwa jikoni linaanza kuimba.

"Kaa," akasema. "Nimeisoma mara tatu, Hilary. Nisaidie. Wanasema sikujibu."

"Hukujibu, Bi Enid."

"Nani aliniuliza?"

Nikamtazama. Sikumwelewa, nikadhani ni uchungu unaosema. "Stobbs," nikasema. "Saa mbili. Anapoita. Wilf alikuwa akijibu kila Jumamosi, 'Nipo.' Baada ya hapo ilikuwa zamu yako kujibu. Ulikuwa na Jumamosi tatu."

"Wilf alikuwa akijibu?"

"Kila mtu anajibu. Mimi najibu. Hukunisikia?"

"Nilikusikia. Nilidhani ni wale walio hai ndio wanaojibu." Akakaa chini. Alikaa kwa uangalifu, kama kiti kilikuwa cha mtu mwingine. "Mimi nilikuwa nafika saa tatu, Hilary. Miaka yote hiyo. Sijawahi kuwapo hiyo saa mbili. Wilf alikuwa akisema tu kengele imelia, tumefungua. Nilipokuja ile Jumamosi ya kwanza nikasikia mnasoma majina, halafu likaja la kwake, na Stobbs akanyamaza, na wote mkanyamaza, mmeinama mnatazama chini. Nikafikiri ndivyo mnavyofanya hapa mtu akifa."

Nikaisogeza barua mezani, nikairudisha ilipokuwa.

"Nilidhani mnamkumbuka," akasema.

Birika likapiga filimbi. Hakuna aliyeinuka. Mwishowe niliinuka mimi, nikalizima, nikasimama pale nikiwa nimeshika kitambaa.

"Nilivaa na koti zuri," akasema. "Wiki nzima nilikuwa nangoja ile saa mbili. Huku nje hakuna mtu anayemtaja. Nakwenda dukani, wananiambia baridi. Nakwenda kanisani, wananiambia baridi. Wewe umekuja Jumatano ukaniambia mfereji. Nikasema basi, wamemsahau, isipokuwa pale. Pale anatajwa jina lote, kwa sauti, mbele ya watu. Na mara ya mwisho Stobbs akalitaja mara mbili."

"Nitakwenda kwa Stobbs leo hii," nikasema. "Nitakwenda halmashauri. Nitawaambia hukujua, sisi ndio wapumbavu, hakuna aliyekuambia. Nitawapigia kelele mpaka paa lile lianguke."

"Acha."

"Siachi. Ni kizimba chenu hicho!"

"Kilikuwa cha Wilf. Mimi wa kuja." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha. Akaikunja barua, mara mbili, mara nne. "Nieleze kitu kimoja tu. Jumamosi ijayo, pale kwenye cha saba, wataita nani?"

"Wataita Selwyn."

"Hawataita Wilf."

"Hapana."

Akatikisa kichwa kuonyesha amenisikia. Akainuka, akamimina chai, akaweka maziwa, akanisogezea kikombe. Akaniuliza kama nimeona ukungu ulivyoshuka tena upande wa mtoni.

Nilikuwa na jibu. Kila mtu aliyezaliwa Skelderby ana jibu la swali hilo, linatoka lenyewe, ee, mzito kweli leo. Lilikuwa ulimini tayari. Nikalimeza, na, sitatia chumvi, liliniuma kama kitu cha kweli.

"Wilf alikuwa mwizi," nikasema.

Kikombe chake kikasimama hewani.

"Kila Jumamosi," nikasema. "Nikigeuka kufunga mzigo wa mteja, ananyoosha mkono anakata kipande cha jibini la bluu. Halafu anatazama angani kama mtakatifu. Miaka ishirini na sita, Enid."

"Nilijua," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na mkwaruzo. "Alikuwa akirudi nyumbani ananuka. Nilimwambia, siku moja Hilary atakushika."

"Nilikuwa naacha kisu upande wake makusudi."

Akanitazama. Ule uso ambao kwa wiki tatu haukuwa na kitu ukaanza kuvurugika, kwanza kidevuni, kisha mdomoni, na ulikuwa mbaya kutazama, na sikutazama pembeni. Akaweka kikombe chini, chai ikamwagika juu ya barua ya halmashauri, na hakuna aliyeifuta.

"Endelea," akasema Enid. "Usinyamaze. Mtaje tena."